Bruda Colm wa Iten: ni nani, na alifanya nini hasa

Mbio za mita 800 zikionyeshwa kwenye televisheni ya kinyozi, hazimaliziki kabla mtu hajamtaja yule mzungu wa Iten, mji wa wakimbiaji katika Bonde la Ufa la Kenya. Mmoja atasema ni padre Mwingereza aliyeleta siri ya mbio kutoka kwao. Wa pili atashikilia kwamba ni wakala tajiri, mwenye kambi yake, anayekata fungu katika kila dola ambayo mwanariadha ameitolea jasho. Wa tatu ataapa kwamba Wakalenjin huzaliwa wakikimbia, na kwamba mzungu huyo alipata bahati ya kusimama pahali penye dhahabu wakati inachimbwa. Kila mmoja ana kipande cha ukweli mkononi, ila vipande vimeungwa vibaya. Nimeona niviunge upya hapa, kwa sababu kazi ya mtu huyu inagusa watoto wetu, na kuifahamu vibaya kuna gharama.

Anaitwa Colm O'Connell. Ni Mwairishi kutoka kaunti ya Cork, kusini mwa Ireland. Kumwita Mwingereza ni sawa na kumwita Mkenya Mwingereza kwa kuwa tulitawaliwa na Uingereza. Ireland nayo ilitawaliwa na Uingereza na ikapigana hadi ikajitenga. Alifika Iten mwaka 1976 kufundisha jiografia katika Shule ya Upili ya St Patrick's. Alikuja akitarajia kukaa kwa muda mfupi. Miaka ikapita, ualimu akaustaafu, naye bado yuko pale.

Tuanze na maneno, maana ubishi mwingi hutokana nayo.

Bruda si padre. Katika Kanisa Katoliki padre amepewa daraja ya upadri: anaadhimisha misa, anaungamisha, anafungisha ndoa. Bruda hafanyi hayo. Ni mtawa wa kiume, kama vile sista alivyo mtawa wa kike, na ameweka nadhiri tatu: ufukara, useja na utii. Colm ni wa shirika la mabruda wa Mtakatifu Patrick, lililoanzishwa na Askofu Daniel Delany katika mji wa Tullow, Ireland, mwaka 1808, na kazi yake kubwa tangu mwanzo ni elimu. Msichanganye shirika hilo na mapadre wa Kiltegan, ambao pia ni Wairishi, pia wamejiita kwa jina la Mtakatifu Patrick, na wamefanya kazi miaka mingi Turkana na Eldoret. Patrick ndiye mtakatifu mlinzi wa Ireland, kwa hiyo jina lake liko kila walikopita Wairishi.

Nadhiri ya ufukara ndiyo inayojibu suala la utajiri. Fikiria shamba la ukoo. Unalilima, unakula mazao yake, unalala humo, lakini huwezi kuliuza ukatia hela mfukoni, kwa sababu si lako peke yako. Bruda anaishi hivyo na mali yote. Kinachopatikana ni cha shirika na cha kazi ya shirika. Ndiyo maana ukifika Iten ukitafuta jumba la kifahari la kocha wa mabingwa utazunguka bure.

Neno la pili ni kocha, na hapa watu huteleza sana, kwa sababu kwenye riadha kuna watu watatu wanaomzunguka mkimbiaji, na kwa mbali wanafanana. Nitatumia mfano wa miche. Kuna mwenye kitalu: anapanda mbegu, anamwagilia, anatia kivuli, anajua mche upi haujakomaa hata kama una majani mazuri. Kuna dalali: mche ukishakua na kuzaa anatafuta soko, anapatana bei, anachukua ujira wake. Halafu kuna mnunuzi mkubwa anayetaka jina lake libandikwe kwenye kikapu. Mwenye kitalu ni kocha. Dalali ni wakala, ambaye wanariadha wetu wengi humwita meneja. Mnunuzi ni mdhamini, mara nyingi kampuni ya viatu na jezi. Wakala wa mbio za kimataifa husajiliwa rasmi, hutafuta mashindano, hushughulikia viza na tiketi, na kwa desturi huchukua karibu asilimia 15 ya anachopata mwanariadha. Hiyo ni kazi halali na ina mawakala waaminifu. Lakini ni kazi nyingine. Bruda Colm ni mtu wa kitalu.

Tena ni kitalu cha chipukizi. Katika riadha chipukizi ni mkimbiaji ambaye hajafikisha miaka 20, na chini yake kuna kundi la wasiofikisha 18. Wengi walioanza na Colm walimjia wakiwa wanafunzi wa sekondari, na hilo lina maana kubwa kuliko linavyoonekana, nitalirudia.

Kabla ya mzungu kulikuwa na nini?

Kuna hadithi inayosimuliwa Ulaya, na sisi tumeimeza nzima, kwamba wamisionari walikuta vijana wanachunga mbuzi na kuwafundisha kukimbia. Hesabu ya miaka haiikubali. Wilson Kiprugut aliiletea Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800, Tokyo mwaka 1964. Miaka minne baadaye, Mexico, Naftali Temu alishinda mita 10,000, Kipchoge Keino akashinda mita 1,500, Amos Biwott akatwaa mbio za kuruka viunzi na maji. Wakati huo Colm O'Connell alikuwa bado kwao Ireland. Hata St Patrick's yenyewe haikumngoja. Mike Boit alisoma pale, na mwaka 1972 alipata shaba ya mita 800 huko Munich. Kwa hiyo Bruda aliposhuka Iten miaka minne baadaye, shule ilikuwa tayari na mwanafunzi wake wa zamani aliyesimama kwenye jukwaa la Olimpiki.

Kinachoshangaza zaidi ni kwamba hakujua lolote kuhusu kufundisha mbio. Hakuwa amesomea ukocha, wala hakuwa mkimbiaji. Aliyekuwa akishughulikia riadha shuleni ni mwalimu wa kujitolea kutoka Uingereza, Pete Foster, ndugu wa Brendan Foster aliyepata shaba ya mita 10,000 katika Olimpiki ya Montreal mwaka huo huo wa 1976. Colm alianza kwa kumfuata Foster uwanjani na kuangalia. Foster alipoondoka baada ya muda mfupi, kazi ikamwangukia aliyebaki.

Sasa mtu atauliza: mwalimu wa jiografia asiyejua mbio amewezaje? Mimi naona jibu limo ndani ya swali. Asiyejua hana fomula ya kuwalazimishia watoto. Alilazimika kuwatazama. Alikuwa na darasa la wavulana wenye uwezo mkubwa, barabara za udongo mwekundu, uwanja wa nyasi na muda. Akajifunza kwao: nani anachoka mapema, nani anakunja mabega akichoka, nani hulala njaa, nani anakimbia vizuri ila anaogopa kushindwa. Wanafunzi wake wa kwanza ndio waliomsomesha ukocha, naye amelikiri hilo kwa miaka mingi.

Wakati wenyewe ulikuwa mgumu. Kenya ilisusia Olimpiki ya 1976 pamoja na mataifa mengi ya Afrika, kwa sababu New Zealand ilikuwa imepeleka timu yake ya raga Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Mwaka 1980 ikasusia tena, mara hiyo Moscow. Kizazi kizima cha wakimbiaji kilipitwa na kilele chake. Kwa mvulana wa Iten wa miaka hiyo, njia ya kwenda mbele ilikuwa udhamini wa masomo katika vyuo vya Marekani, njia ambayo wakimbiaji wa Ireland walikuwa wameipita tangu zamani. Ronnie Delany, Mwairishi aliyeshinda mita 1,500 Melbourne mwaka 1956, alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Villanova, Pennsylvania.

Peter Rono alipita njia hiyo hiyo. Alitoka St Patrick's akaenda kusoma Mount St. Mary's, chuo cha Kikatoliki huko Maryland, na mwaka 1988, akiwa na miaka 21, akashinda mita 1,500 katika Olimpiki ya Seoul mbele ya Peter Elliott na Steve Cram wa Uingereza, watu waliotajwa magazetini kabla ya mbio kuliko yeye. Miaka minne baadaye, Barcelona, Matthew Birir alishinda mbio za kuruka viunzi na maji, Patrick Sang akawa wa pili na William Mutwol wa tatu. Medali zote tatu zikaja Kenya. Birir naye alitoka St Patrick's. Mabingwa wa shule hiyo wamepandiwa miti kwenye uwanja wa shule, kila mti na jina lake, na mgeni anayepita hapo huchukua muda kumaliza kusoma.

Alichofanya hasa

Ukiondoa uvumi, kazi yake ina sehemu ambazo mtu yeyote anaweza kuzielewa.

Ya kwanza ni kambi za likizo. Neno kambi leo Iten lina maana nyingi: kuna kambi ya wakala, kambi ya kampuni ya viatu, kambi ya wakimbiaji wanne waliokodi chumba kimoja na sufuria moja ya ugali. Kambi ya Colm ilikuwa ya wanafunzi. Shule zikifungwa, Aprili, Agosti na Desemba, watoto waliochaguliwa hukusanyika, hukimbia, hula vizuri, hulala mapema, kisha hurudi shuleni kwao muhula ukianza. Mwaka 1989 akaanza kuwaita wasichana. Hili naliona kubwa kuliko medali kadhaa. Mvulana akifunga shule anarudi nyumbani na bado ana jioni yake, anaweza kukimbia. Msichana akirudi nyumbani anapewa mtungi, kuni na mtoto mgongoni, na likizo ikiisha miguu yake imesahau. Kambi ya likizo ilimpa siku zake. Janeth Jepkosgei, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa mita 800 Osaka mwaka 2007 na fedha ya Olimpiki Beijing mwaka uliofuata, alipita mikononi mwa Bruda.

Ya pili ni mwendo wa polepole. Wageni wanaokwenda kumtazama akifundisha hushangaa. Wanategemea kuona vijana wakitapika kwa uchovu. Wanakuta kundi linatembea, linaruka kwa mguu mmoja, linachezesha mabega, linakimbia kwa mwendo ambao mzee wa sabini angeuweza. Anaangalia namna mwili unavyokaa: kichwa, mikono, nyonga, mguu unapotua. Saa ya kuhesabia haitawali mazoezi. Ukitaka mfano, kumbuka mtoto anayefunzwa kuandika. Mwalimu mwema hamwambii aandike haraka. Anamwambia ashike kalamu vizuri, herufi ikae kwenye mstari, kasi itakuja yenyewe. Anayeanza na kasi mwandiko wake huharibika na kuurekebisha ukubwani ni kazi.

Ya tatu ni kukataa haraka, na ndiyo ninayoijali kuliko zote. Mtoto wa miaka 16 anayekimbia vizuri ana thamani ya fedha leo. Kuna mbio za barabarani zenye zawadi, kuna watu wanaotafuta vipaji, na nyumbani kuna ada haijalipwa. Akipelekwa kila wikendi mashindanoni atashinda mara kadhaa, na familia itafurahi. Lakini mifupa yake haijafunga, kano zake hazijakomaa, na hamu ya mbio ni kitu kinachoweza kukauka kama kisima. Tumewaona wengi waliokuwa mabingwa wa dunia wa chipukizi na jina lao halikusikika tena. Mwenye kitalu ana kazi ya kusema "bado" mbele ya watu wanaosema "sasa". Mtu asiyelipwa kwa ushindi wa Jumapili ijayo anaweza kulisema neno hilo kwa urahisi kuliko anayelipwa, na hapa nadhiri ya ufukara inaingia uwanjani kwa njia ambayo watu hawaioni.

Kwa nini mita 800, na kwa nini Rudisha

Watu wanadhani David Rudisha, bingwa wa Olimpiki wa mita 800, alisoma St Patrick's. Hapana. Alizaliwa Desemba 1988 upande wa Kilgoris, kwa Wamaasai, na alipokuja Iten mwaka 2005 aliingia Shule ya Sekondari ya Kimuron. Baba yake, Daniel Rudisha, alikuwa katika kikosi cha Kenya kilichopata fedha ya mbio za kupokezana mita 400 mara nne huko Mexico mwaka 1968. Mkimbiaji wa mita 800, Japheth Kimutai, ndiye aliyemtaja David kwa Bruda. Kijana mwenyewe alikuwa akikimbia mita 400, mbio za baba. Colm alimtazama, akaona hatua ndefu na mwili unaotulia hata katika kasi, akamwelekeza kwenye mita 800.

Hapa lazima nieleze mbio zenyewe, maana si kila mtu anajua ugumu wake. Mita 800 ni mizunguko miwili ya uwanja. Mwili una namna mbili za kupata nguvu. Ya kwanza ni kama kuwasha jiko kwa mafuta ya taa: moto unaruka mara moja, haungoji, lakini unaisha haraka na kuacha moshi. Ya pili ni mkaa: unachelewa kushika, unahitaji hewa, ila ukishashika unapika mchana kutwa. Mkimbiaji wa mita 100 anatumia mafuta ya taa. Mkimbiaji wa marathoni anapika kwa mkaa. Wa mita 800 analazimika kutumia vyote viwili kwa wakati mmoja: anawasha kwa mafuta, na kabla hayajaisha mkaa uwe umeshika. Akikosea kidogo, mita mia za mwisho miguu inageuka kuwa mawe. Kwa hiyo mbio hizi zinamtaka mtu mwenye kasi ya mbio fupi na pumzi ya mbio ndefu, na mtu wa namna hiyo hajengwi kwa mwaka mmoja.

Tazama miaka ya Rudisha. Mwaka 2006 alikuwa bingwa wa dunia wa chipukizi, huko Beijing. Mwaka 2008 majeraha yakamnyima Olimpiki. Mwaka 2009, Berlin, alitolewa katika nusu fainali ya Riadha za Dunia, na mitaani wakaanza kusema amekwisha. Wiki chache baadaye, Rieti nchini Italia, alikimbia dakika 1:42.01 na kufuta rekodi ya Afrika ya Sammy Koskei iliyodumu tangu 1984. Agosti 2010 akavunja rekodi ya dunia mara mbili ndani ya siku saba: 1:41.09 Berlin, halafu 1:41.01 Rieti. Halafu ikaja London, tarehe 9 Agosti 2012.

Katika Olimpiki hakuna mweka kasi, yaani yule mkimbiaji anayeajiriwa kutangulia na kuwavuta wengine kisha akatoka njiani. Kila mtu anajitafutia. Ndiyo maana fainali nyingi za Olimpiki huwa za polepole, watu wakiviziana. Rudisha hakumvizia mtu. Aliongoza toka mwanzo, akamaliza mzunguko wa kwanza kwa sekunde 49.28 na kufika utepeni kwa dakika 1:40.91, wa kwanza duniani kushuka chini ya 1:41. Wote waliomfuata walivutwa na mwendo wake. Wa mwisho, mtu wa nane, alitumia 1:43.77, muda ambao ungempa dhahabu Sydney, Athens au Beijing. Na shaba ilichukuliwa na Timothy Kitum, kijana wa miaka 17, naye wa Bruda Colm. Mwaka 2016, Rio de Janeiro, Rudisha alishinda tena.

Kuna jambo jingine kuhusu rekodi hiyo ambalo halisemwi vya kutosha. Kabla ya Rudisha, rekodi ilikuwa 1:41.11, iliyowekwa Cologne Agosti 1997 na Wilson Kipketer. Kipketer aliiwakilisha Denmark, kwa hiyo wengi wetu tulimweka kando kama mgeni. Lakini alikuwa mwanafunzi wa St Patrick's, Iten, kabla ya kwenda Denmark kwa masomo mwaka 1990. Kuanzia 1997 rekodi ya dunia ya mita 800 imeshikwa na wanaume wawili tu, na wote wawili walijifunza pale pale Iten, kwa mtu yule yule, mmoja Mkalenjin na mwingine Mmaasai. Anayeshikilia kwamba siri ni kabila moja anapaswa kulitafakari hilo.

Na hewa je? Na damu?

Iten iko juu, karibu mita 2,400, ukingoni mwa Bonde la Kerio. Huko juu hewa ni nyepesi. Kila pumzi inaleta oksijeni kidogo kuliko Mombasa. Mwili hujibu kama mwenye duka anayeona kila hamali anabeba nusu gunia: anaajiri mahamali zaidi. Mahamali wa oksijeni ni chembe nyekundu za damu. Anayeishi juu anakuwa nazo nyingi, na hilo linamsaidia mkimbiaji. Hiyo ni kweli. Lakini La Paz kule Bolivia iko juu zaidi ya Iten, na mabingwa wa dunia wa mita 800 hawajatoka huko. Mwinuko ni udongo mzuri. Udongo pekee haujapanda mti.

Damu ni suala gumu zaidi. Bengt Saltin, mwanasayansi wa Sweden, alikuja na wenzake kuwapima wakimbiaji wa Bonde la Ufa miaka ya 1990. Waliona, pamoja na mengine, kwamba sehemu ya mguu chini ya goti ni nyembamba na nyepesi, na mguu mwepesi unatumia nguvu kidogo katika kila hatua, kama vile pendulumu nyepesi. Umbo la mwili basi lina mchango. Lakini jeni moja la ushindi, ambalo watu hulitaja kana kwamba lilishaonekana kwenye darubini, halijapatikana. Na umbo hilo hilo wanalo maelfu ya vijana ambao hawakuwahi kushinda chochote kwa sababu hakuna mwalimu aliyesimama uwanjani kuwatazama.

Habari ya mtoto anayekimbia kilomita kumi kwenda shule nayo inahitaji kupunguzwa chumvi. Wako waliokimbia hivyo. Wako pia waliosoma bweni, darasa likiwa hatua mia moja kutoka kitandani. St Patrick's yenyewe ni ya bweni.

Sipendi pia namna nyingine ya kumsimulia Bruda, ile inayofuta kila Mkenya aliyemzunguka. Patrick Sang, yule wa fedha ya Barcelona, amemfundisha Eliud Kipchoge kwa miaka mingi huko Kaptagat. Kuna walimu wa michezo katika shule za msingi za Keiyo, Marakwet, Nandi na Kericho ambao huchora mistari ya uwanja kwa chokaa au majivu na kununua maji kwa mshahara wao. Wao ndio humwona mtoto kwanza, muda mrefu kabla hajafika kambi yoyote. Colm hakuwahi kuumba kipaji. Alikipokea, akakilinda, na hakuondoka. Hilo la kutoondoka nalipa uzito mkubwa. Wageni wengi huja Iten na mpango wa miaka miwili. Mtoto aliyeanza kidato cha kwanza anahitaji miaka minane au kumi kufika kileleni, na kocha wake awe bado yupo.

Na kuhusu fedha, zipo Iten, nyingi kuliko zamani. Ukipita chini ya lile tao la barabarani linaloutangaza mji kuwa nyumbani kwa mabingwa, utaona hoteli, majumba ya kukodisha, maduka ya viatu vya mitumba vya kukimbilia na wageni wa kila rangi wakiwa wamevaa soksi ndefu. Karibu na mwaka 2000 Lornah Kiplagat alifungua kituo cha mazoezi ambacho kimepokea wakimbiaji wakubwa wa dunia, na Mo Farah wa Uingereza alifanya mazoezi mjini hapo. Waitaliano kama Renato Canova na Gabriele Rosa nao wamefanya kazi ya ukocha katika eneo hilo, na pengine ndio wanaochanganywa na Bruda kila mtu anaposema "yule mzungu". Biashara hiyo imesomesha watoto na kujenga nyumba. Imeleta pia madalali wasiosajiliwa, mikataba inayotiwa sahihi na watoto na, vibaya zaidi, sindano za dawa haramu. Ni mji mmoja wenye soko na kitalu, na mzazi anayekuja kutoka mbali hawezi kuvitofautisha kwa macho.

Basi swali ninaloulizwa zaidi: mtoto wangu ana miaka 14, anawashinda wote shuleni, nimpeleke Iten? Nami huanza kwa kuuliza kwao: shule yake ina mwalimu wa michezo anayempenda? Kama yupo, mtoto abaki hapo, akimbie mbio mbalimbali, acheze mpira, amalize mtihani. Kambi ya likizo ya wanafunzi ni jambo jema ikiwa anarudi darasani muhula ukifunguliwa. Mtu akija na karatasi ya kutia sahihi, muulize amesajiliwa wapi, anachukua asilimia ngapi, na mtoto atashindana mara ngapi kwa mwaka. Akikasirika kwa maswali hayo, mrudishie karatasi yake. Rudisha alikuwa na miaka 16 alipoingia Kimuron, bado akikimbia mita 400, na ilimchukua miaka mitano kufika kwenye rekodi yake ya kwanza ya dunia.